Kusoma kwa Kiswahili, kuhesabu kwa lugha mbili: mtoto mdogo wa Lubumbashi aanze wapi?

Wazazi wa Lubumbashi wakibishana juu ya kumfundisha mtoto mdogo nyumbani, kabla ya shule, hawachelewi kugawanyika. Wa kwanza wanasema: "Muongeleshe Kifaransa, mama, asije akachekwa kalasini." Wa pili wanasema lugha ya nyumbani kwanza, Kifaransa atakikuta mbele. Nimezisikia hoja zote mbili kutoka kwa watu makini. Linalonikera ni kwamba pande zote huzungumza kana kwamba kusoma na kuhesabu ni jambo moja. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4 herufi zina ugumu wake na idadi ina ugumu wake, na si lazima lugha inayofaa huku ifae na kule.

Tuanze na upande wa Kifaransa, maana mara nyingi hudharauliwa na watu ambao watoto wao tayari wanakijua. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira kufundishia, na miradi kama ELAN na ACCELERE ilileta vitabu vya kusomea vya Kiswahili katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Hayo yako kwenye karatasi na katika baadhi ya shule za serikali. Katika shule nyingi za kulipia mjini, Kifaransa kinaanza siku ya kwanza ya materneli, yaani chekechea, na mtoto ana miaka 3 tu. Tena tangu elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa ya bure, Septemba 2019, kalasi nyingi zimefurika. Mwalimu mwenye umati wa watoto mbele yake hana muda wa kumfasiria mmoja mmoja. Mzazi anayeliona hilo akaamua mtoto asiingie bila Kifaransa hajivuni. Amepiga hesabu.

Kuna na jambo la ndani ya nyumba. Mji huu ulikua kwa kuita watu wa migodi kutoka kila upande, na mpaka leo baba anaweza kuwa Mluba wa Kasai, mama Mbemba, nkambo (bibi au babu) anaongea Kisanga, na wazazi wenyewe walijuana chuo kikuu kwa Kifaransa. Humo ndani "lugha ya mama" ni ipi? Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya uani, ya majirani, ya dada anayelea mtoto. Hoja ya lugha ya kwanza ikipelekwa kama amri katika nyumba ya namna hiyo inapoteza miguu.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Unaotajwa zaidi barani Afrika ni mradi wa Ife, Nigeria, ulioanza 1970 chini ya Babs Fafunwa: watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo linalojitegemea, na walifanya vizuri kuliko wenzao, wala Kiingereza hakikuwatupa. Mkanada Jim Cummins aliieleza sababu mwishoni mwa miaka ya 1970: ujuzi wa kusoma uliopatikana katika lugha moja huvuka kwenda katika nyingine. Lakini tusiutumie mradi wa Ife kubeba zaidi ya uwezo wake. Wale walikuwa watoto wa shule, wenye walimu waliotayarishwa na vitabu vilivyoandikwa kwa kazi hiyo. Hakuna aliyewapa mama zao kadi za herufi wakiwa na miaka miwili.

Na hizo kadi, pamoja na video za simu zinazoahidi mtoto mchanga atasoma, nazimaliza kwa mistari michache. Mmarekani Glenn Doman aliusambaza mtindo huo tangu 1964. Mwaka 2014 Susan Neuman na wenzake walichapisha jaribio la watoto 117 wa miezi 9 hadi 18 waliotumia, au hawakutumia, bidhaa za namna hiyo nyumbani kwa miezi saba: kusoma hakukuonekana. Kule New Zealand, Sebastian Suggate alilinganisha walioanza kusoma na miaka 5 na walioanza na 7. Walipofika 11 tofauti ilikuwa imekwisha. Basi asiyemfundisha mtoto wa miaka 2 herufi hajamkosesha kitu. Ninayemzungumzia hapa ni mtoto wa miaka 3 na nusu kwenda juu, anayeuliza mwenyewe ubao wa duka umeandikwa nini.

Kwa mtoto huyo, katika kusoma, nasimama na Kiswahili bila kusita sana. Herufi zake zinasema kweli: ba, be, bi, bo, bu, kila irabu na sauti yake, na neno husomwa lote, hakuna herufi inayokaa kimya mwishoni. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa 2003, uliolinganisha lugha 13 za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wa lugha zenye maandishi ya aina hii husoma maneno ya kawaida karibu bila kosa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wale wa Kifaransa wakiwa nyuma yao na wale wa Kiingereza nyuma kabisa. Sababu mtu huiona akiandika neno "beaucoup" chini kwa chaki: herufi nane, sauti nne.

Watetezi wa Kifaransa huuliza: kwa nini ajifunze herufi mara mbili, halafu achanganyikiwe? Swali ni la haki. Ukilipima, mgongano ni mdogo kuliko unavyohofiwa. Herufi u inabadilika, kwa kuwa Kifaransa huandika "ou" pale sisi tunapoandika u. Herufi e inalegea. Ch na j zinabadilika sauti, na kuna an, on, in zinazopita puani. Lakini m, b, t, l, k, p, f, n, d, pamoja na a, i na o, zinabaki karibu zile zile. Kubwa zaidi, jambo gumu katika kusoma ni kugundua kwamba alama ni sauti, na ugunduzi huo hufanyika mara moja tu katika maisha. Afadhali ufanyike mahali ambapo maandishi hayamdanganyi.

Hapa ndipo penye ugumu ambao pande zote mbili huukwepa. Kiswahili kipi? Mtoto wa mitaa yetu ya Katuba au Kampemba anasema mutoto, batoto, kintu, bantu. Kitabu kinamwandikia mtoto, watoto, kitu, watu. Ukimfundisha kwa kitabu, tayari umempa lugha ya tatu, na ile faida ya maandishi yanayofuata mdomo imepungua, kwa sababu mdomo anaoufuata si wake. Hata kwa silabi tu, "mu-to-to" ni rahisi kuliko "m-to-to": ile m iliyosimama peke yake bila irabu humkwamisha anayeanza, naye atakuuliza irabu imeenda wapi.

Kwa hiyo, kwa miezi ya mwanzo, naona tuandike yale mtoto anayosema. Andika "mama", "bukari", "batoto", "kintu". Najua walimu wa Kiswahili sanifu watanikasirikia, na hofu yao ina msingi: atazoea maandishi ambayo mtihani utayakataa. (Nami naandika haya kwa Kiswahili cha vitabu, ambacho nyumbani kwangu hakisemwi hivi, si unafiki, ndivyo tulivyo.) Lakini mtoto wa miaka 4 hana mtihani. Sanifu itamfikia kwa sikio, kupitia hadithi anazosomewa, na hapo "watoto" atalipokea kama namna ya kitabu ya kusema batoto. Tunachotaka kwanza ni aamini kwamba karatasi inaweza kusema maneno yake.

Pia kuna udhaifu ambao upande wangu haujautatua. Akishamaliza silabi, atasoma nini? Vitabu vya watoto vya Kiswahili ni adimu mjini, vya Kifaransa vinapatikana. Katika nyumba nyingi maandishi ya Kiswahili yaliyopo ni Biblia na kitabu cha nyimbo, yenye herufi ndogo kama sisimizi. Mzazi anayechagua Kiswahili lazima awe mwandishi pia: kurasa nne za daftari, picha aliyochora vibaya, sentensi moja chini yake. Si kila mama anayerudi sokoni jioni, umeme umekatika, ana nguvu hizo. Dada mkubwa wa miaka 10 anaweza, na mara nyingi anaifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko mtu mzima.

Hesabu ni habari nyingine, na hapa nawapa watu wa Kifaransa nafasi kubwa zaidi.

Kwanza tutenganishe wimbo na idadi. Mtoto anayeimba moja hadi kumi, au "un, deux, trois" mpaka "dix", bado huenda hajui kuhesabu. Karen Wynn aliwapima watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa njia ambayo yeyote anaweza kuirudia jikoni: weka vifuniko vya chupa, mwambie mtoto, "Nipe vitatu." Wengi wanaojua wimbo wote hukamata kiganja kizima. Huelewa moja, miezi ikapita wakaelewa mbili, baadaye tatu, kisha karibu na miaka 3 na nusu au 4 wakaelewa kanuni yenyewe: neno la mwisho la kuhesabu ndilo idadi ya vyote.

Je, hatua hizo huvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine? Katie Wagner na wenzake walilichunguza hilo kwa watoto wa lugha mbili na kuchapisha majibu 2015. Moja, mbili na tatu kila lugha hujifunza zake. Anayeelewa "tatu" si lazima aelewe "trois". Lakini kanuni kubwa, ikishaingia katika lugha moja, huonekana na katika nyingine. Faida yake kwetu ni ya moja kwa moja: namba ndogo zichezwe kwa lugha zote mbili, kila lugha na mchezo wake, na kanuni itafutwe katika lugha ambayo nyumba inaongea bila kufikiri.

Baada ya kumi, Kiswahili kinamsaidia tena. Kumi na moja, kumi na mbili: mtoto anaona kumi na anaona nyongeza. "Onze", "douze", "quinze" hazisemi chochote, ni za kukariri. Kevin Miller na wenzake walionyesha 1995 kwamba watoto wa China na wa Marekani huhesabu sawasawa mpaka kumi, kisha wa China, ambao lugha yao inasema "kumi moja, kumi mbili", huwapita wenzao hapo hapo. Zaidi ya hapo sanifu nayo inaficha, kwa "ishirini" na "thelathini", lakini watu wetu husema makumi mbili, makumi tatu, na kwa mtoto hiyo ni zawadi. Kifaransa chetu cha urithi wa Kibelgiji kina unafuu wake pia: "septante" kwa sabini na "nonante" kwa tisini. Video za Ufaransa zitamletea "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na mzazi aamue mapema ni ipi itakayosikika nyumbani.

Kisha kuna pesa. Mama anayeuza karanga anaongea Kiswahili tangu asubuhi, lakini ukimwuliza bei atakujibu "mille cinq cents". Bei, namba za simu na tarehe hutajwa zaidi kwa Kifaransa mjini hapa. Mtoto anayetumwa dukani na noti ya 1000 anahitaji "mille" kuliko "elfu". Tena Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin walionyesha 2001, kwa watu wazima wa Kirusi na Kiingereza, kwamba majibu kamili ya hesabu hukaa katika lugha yaliyofundishwa; ni makadirio tu yasiyojali lugha. Jedwali la kujumlisha na la kuzidisha litakaririwa shuleni kwa Kifaransa, basi hakuna sababu ya kulikariri nyumbani kwa Kiswahili kisha kulitafsiri maisha yote. Maana ya tatu, ya nusu, ya kugawana maembe matano kwa watoto wawili, hiyo iwe ya Kiswahili. Kukariri kukifika, kuwe kwa Kifaransa.

Ikiwa mtoto anaingia materneli Septemba, ningeweka alfabeti ya Kifaransa kando na kumpa Kifaransa cha mdomo: nyimbo, rangi, na sentensi za kuomba maji, kuomba kwenda chooni, kusema fulani amenipiga. Hizo ndizo zinazomzuia kuchekwa, si kujua jina la herufi W. Silabi za Kiswahili ziendelee jioni, dakika chache, akichoka basi. Na nyumba ambayo Kifaransa ndicho wazazi wanachogombania na kutaniania, igeuze mpango wa hesabu: kanuni ya idadi iitafute kwa Kifaransa, na namba ndogo za Kiswahili mtoto atazipata kwa nkambo na watoto wa jirani. Kusoma tu ndiko ambako, hata kwa nyumba hiyo, ningejaribu ba-be-bi-bo-bu kwanza.