Matangazo ya zamani ya vyakula vya Ufilipino: tusiyatie yote kapu moja

Wapo Wafilipino wengi wanaokusanya matangazo ya zamani ya vyakula vya nyumbani: kurasa za magazeti kama Liwayway na Philippines Free Press, lebo za chupa, makopo ya siagi na ya maziwa. Wanaoyapenda husema humo ndimo lilimobaki jiko la bibi zao. Wanaoyachukia huyaona kama mabaki ya ukoloni wa Marekani, uliowafundisha watu kudharau chakula chao wenyewe. Hoja zipo pande zote mbili. Kosa lao ni moja: kuyahukumu matangazo yote kwa mkupuo.

Upande wa mapenzi una ushahidi mzuri. Mwaka 1917, Fernando Amorsolo, akiwa bado kijana, alichora lebo ya Ginebra San Miguel: malaika Mikaeli ameinua upanga na shetani yuko chini ya miguu yake. Ni pombe kali, si chakula, lakini ni mmoja wa michoro ya dukani inayojulikana sana nchini humo. Mwenye kiwanda, Enrique Zóbel, aliupenda kiasi cha kumlipia Amorsolo masomo ya uchoraji Madrid, na mwaka 1972 mchoraji huyo akawa wa kwanza kutunukiwa heshima ya Msanii wa Taifa. Anayeitupa lebo ile kwa kuwa ni biashara tu anatupa pia sanaa ya nchi.

Kisha kuna sosi nyekundu ya ndizi, ambayo Waswahili walioko Dubai au Doha huenda wameiona madukani. Mkemia María Orosa, aliyeuawa katika vita vya Manila mwaka 1945, ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake. Alisoma Marekani, akarudi kutafuta namna ya kutumia mazao ya nyumbani badala ya kuagiza makopo. Magdalo Francisco naye alitengeneza sosi yake ya ndizi na kuiita Mafran, kutokana na majina yake mawili. Baadaye aliingia mkataba na kampuni, wakagombana, na mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya nchi ikampa haki. Hayo huyasomi kwenye lebo. Hata hivyo, bidhaa yenyewe ilitoka kwenye migomba ya kwao na haikumwambia mtu kwamba alichokuwa nacho hakifai.

Mafuta ya kupikia ya Purico yako katikati. Nazi zilikuwa za wakulima wa Ufilipino, ila kiwanda kilinunuliwa na Procter & Gamble ya Marekani mwaka 1935.

Kwenye maziwa ya watoto ndipo ninapokataa kabisa kutabasamu. Miaka ya 1970, Dkt. Natividad Relucio-Clavano aliongoza idara ya watoto katika hospitali kuu ya Baguio, mji wa Ufilipino. Kuta za hospitali zilikuwa na mabango na kalenda za rangi za kampuni za maziwa, zenye watoto wanono wanaocheka. Watoto wachanga walitengwa na mama zao na kuanzishiwa chupa palepale. Clavano aliwafungia mlango wachuuzi wa maziwa, akasimamisha chupa hizo za kuanzia, akayashusha mabango na kuwarudisha watoto kwa mama zao. Maambukizi na vifo vikapungua sana. Mwaka 1978 alikwenda kulieleza Baraza la Seneti la Marekani.

Kuna wanaoyatetea maziwa hayo, na wasikilizwe. Wapo akina mama ambao maziwa hayakutoka, wapo waliorudi kazini mapema, wapo watoto yatima. Tena tangazo peke yake lisingefika mbali hivyo. Hospitali ndiyo iliyolitia uzito. Mimi naona hapo ndipo ubaya ulipo. Tangazo la sosi lilimkuta mama sokoni akiwa na hiari yake, lakini la maziwa lilimkuta wodini, amechoka, mbele yake muuguzi anayemwamini, na kitu kilichotiliwa shaka ni titi lake mwenyewe.

Oktoba 1986, Rais Corazon Aquino alitia saini amri ya kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala, akifuata kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 1981. Mwaka 2007 mahakama ilikataa marufuku kamili ya matangazo hayo, lakini masharti mengi yakabaki. Kenya ilipitisha sheria yake ya namna hiyo mwaka 2012.

Kuyachoma mabango yale kungefuta ushahidi. Ningependa yatunzwe kwa uangalifu uleule wa lebo ya Amorsolo, na kila linapoonyeshwa paandikwe chini yake lilibandikwa mbele ya nani, na nini kilitokea Baguio yalipoondolewa ukutani.