Nilipita mlango mwekundu, wakanishangaa

"Mzee, umepotea. Njia ni ile."

Kijana wa forodha alininyooshea kidole kwenye mlango wa kijani, ambako abiria wote wa ndege yetu ya kutoka Muscat walikuwa wakisukumana na matoroli. Nikamwambia sijapotea, nimeufuata mlango mwekundu kwa sababu nina vitu vya kutangaza, yaani vya kumwonyesha afisa apige hesabu ya ushuru. Akanitazama kama mtu aliyeingia kituo cha polisi kuomba afungwe.

Nilikuwa na chupa tisa za manukato. Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa, na sisi watu wa pwani ukishatamka kwamba unakwenda Oman, hakuna anayekuagiza kingine: udi, ubani, haluwa, na "kichupa kimoja tu, mjomba". Kichupa kimoja tu kikazaa tisa, kila kimoja mililita 100. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la tano, inamruhusu msafiri mtu mzima kuingiza manukato na maji ya marashi yasiyozidi nusu lita kwa jumla bila ushuru, na katika hiyo nusu, manukato halisi yasizidi robo. Nilikuwa nimeisoma usiku wa kuamkia safari, kwa Kiingereza chake kigumu. Nilijua kabisa kwamba nimezidisha.

Yule kijana akafungua begi, akachungulia, akanusa, akacheka. "Haya, pita mzee. Harusi njema."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Ila furaha yenyewe haikufika nje. Kwenye meza ya pembeni alisimamishwa binti niliyekuwa nimekaa naye safu moja kwenye ndege. Miaka miwili amefanya kazi za ndani huko Oman, na njiani alinihesabia anachorudi nacho: blanketi zito la kumtoa mtu jasho, sufuria, maziwa ya unga ya watoto wa kaka yake, na televisheni aliyopewa na bosi wake siku ya kuagana. Mlango wa kijani ulikuwa umempeleka kwenye eksirei, na eksirei ikaiona televisheni. Sasa anaulizwa risiti. Zawadi ina risiti? Afisa akawa anatafuta kwenye simu yake bei ya televisheni ya aina hiyo ikiwa mpya dukani, na binti anaapa kwamba ilikuwa jikoni kwa bosi mwaka mzima, tena ina mkwaruzo upande wa nyuma, geuza uone.

Mimi niliyezidisha kwa hakika nilikuwa nimeshapita. Yeye ambaye labda hakuzidisha chochote alikuwa anafungua kamba za begi la tatu.

Nimepita viwanja vingi vya ndege, na neno la ushuru silo linalomnyima usingizi msafiri wa kwetu. Kutozwa kodi tumeshazoea, tuliwahi kutozwa mpaka tukimtumia bibi hela ya dawa kwenye simu. Kinachotisha ni kutojua. Watu wawili wa ndege moja, mizigo inayofanana, mmoja anaambiwa pita, mwingine anapigiwa hesabu, na hakuna kati yao anayeweza kueleza kwa nini. Ndiyo maana tangu angani wanaanza ufundi: huyu anabandua lebo, huyu anatupa boksi la simu kwenye choo cha ndege, huyu anavaa mikufu mitatu shingoni kama bibi harusi, na yule anakuomba umbebee "hiki kimfuko tu mpaka nje". (Usimbebee. Hata akiwa mtoto wa shangazi yako. Kilichomo humo kikikutwa mkononi mwako ni chako.)

Mlango wa kijani nao wengi hawajui unasema nini. Tunaufuata kwa sababu ndiko watu wanakoelekea. Kumbe ukishakanyaga pale umeiambia serikali kwa miguu yako: sina cha kutangaza. Hakuna aliyekuhoji, lakini umeshajibu. Halafu msamaha wenyewe wa mizigo ya msafiri, ule ambao kwa miaka mingi kiwango chake kilisomeka dola 500 kwa mtu aliyekaa nje zaidi ya saa 24, sheria iliuandika kwa ajili ya vitu ambavyo msafiri amevitangaza kwa afisa. Yaani haki yako iko kwenye mlango ambao kila mtu anaukimbia. Na anayerudi nyumbani kwa kuhama makazi, na vyombo alivyokuwa akivitumia kule, ana kifungu chake kingine kabisa. Yule binti angekijua, angekuwa na neno la kusema zaidi ya kuapa.

Jirani zetu walionja hili Novemba 2023. Mamlaka ya kodi ya Kenya, KRA, iliwakumbusha wasafiri kwamba vitu vya zaidi ya dola 500 vinatozwa, na mitandao ikawaka kana kwamba sheria imetungwa jana yake usiku. Ilikuwa na umri wa karibu miaka 20. Watu walikuwa wameishi nayo bila kutambulishwa.

Msiniambie kwamba haiwezekani kumfikia kila abiria. Juni 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wasafiri walitangaziwa wiki kadhaa kabla. Nakumbuka mama mmoja akihamishia kanga zake kwenye ushungi ili aache mfuko wa duka la Dubai. Serikali ikitaka jambo lijulikane, linajulikana. Basi jedwali hilo la tano liandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, libandikwe pale tunaposubiria mizigo, ambapo tunasimama dakika 40 tukitazama mkanda unaozunguka mtupu na bango la mtandao wa simu. Viwango vikibadilika, bango libadilishwe. Na kando yake liandikwe jinsi kitu kisicho na risiti kinavyothaminiwa, kwa bei ya nani, na ukibisha unakwenda meza ipi.

Upande wa paspoti, mbona tumeweza? Tangu paspoti ya kielektroniki ianze Januari 2018, mimi napita uhamiaji haraka kuliko ninavyopita geti la mtaa wangu usiku. Kuna kamera, vidole, "karibu nyumbani", basi. (Isipokuwa mzaliwa wa Tanga aliyechukua uraia wa Kanada. Yeye kwa miaka mingi alipanga foleni ya wageni na kulipia viza ya kwenda kumzika mama yake, wakati mwenzake Mkenya ana uraia pacha tangu katiba ya 2010. Hilo nina makala yake, na nina hasira zake.)

Nimeambiwa na shemeji yangu kwamba nimezeeka vibaya, kwamba mtu mwenye akili hajipeleki mlango mwekundu. Labda. Lakini nilikwenda pale nikiwa na pesa ya kulipa mfukoni, na sikuja kujua ningelipa shilingi ngapi. Safari ijayo nikiwa na chupa tisa tena, bado sitajua.

Nje nilikaa kusubiri teksi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Yapata saa moja na nusu baadaye yule binti akatoka, anasukuma toroli lililoegemea upande, televisheni juu kabisa imefungwa ndani ya blanketi. Nikamuuliza wamemtoza kiasi gani.

"Hawakunitoza, baba. Wamesema nipite tu."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sijui. Zamu ilibadilika."