Taa ya Kijani Haijawahi Kusema Kweli

Jamani, mimi fundi wa video, taa nyekundu sina ugomvi nayo. Ikiwaka nyekundu unajua mambo yameharibika, unapanga mashambulizi. Kiboko ni ya kijani. Skrini nyeusi tii, watu wamenuna wamekaa safu nzima, na enkoda iko pale kwenye rafu inapepesa kijani kwa madaha, eti haina tatizo lolote.

Na kazi yenyewe ukiielezea hata mtoto anaelewa. Enkoda inachukua picha ya kamera, inaibana, inaisukumia kwenye mtandao. Dekoda upande wa pili inaipokea, inaibanua, inairusha kwenye skrini. Basi. Ila picha ya HD ikiwa haijabanwa, kwenye waya wa SDI unaotoka kwenye kamera, inakula karibu gigabiti 1.5 kila sekunde, na sisi tunaiamuru ipite kwenye megabiti 4. Yaani karibu yote inatupwa njiani, halafu kuna mtu anakuja kulalamika kwamba nyasi za uwanjani hazionekani moja moja.

Ukifika kwenye tukio, unapokelewa na sentensi ileile. "Fundi, jana ilikuwa inafanya kazi." Ningekuwa na madaraka ningeipiga marufuku. Unauliza, kuna aliyegusa kitu? Wote kwa pamoja: hatujagusa. Unainama nyuma ya rafu, plagi ya swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, imechomolewa na mahali pake imekaa chaja ya simu. "Aah, hiyo? Hiyo tuligusa, lakini si ya video."

Hiyo ni siku nzuri. Siku mbaya ni ile plagi zote ziko mahali pake, unapiga ping, ile hodi ya kujua kifaa kipo mtandaoni, dekoda inajibu haraka na kwa heshima zote, na picha hakuna. Ping inakwambia mwenyewe yupo nyumbani; haikwambii kama atafungua mlango. Unachimba, unachimba, kumbe kuna mjuzi ameingia kwenye mipangilio ya enkoda, akaona H.264 na H.265, njia mbili za kubana picha, akafikiria 265 ni kubwa kwa hiyo ni bora, akaibonyeza. Ni kweli ni mpya zaidi, moja ni ya 2003 na nyingine ya 2013. Lakini dekoda yenu ni mzee wa watu, haijawahi kufundishwa H.265! Na haisemi "samahani, sielewi". Inanyamaza tu, taa yake ikiwaka. Rangi gani? Msiniulize.

Halafu kuna multikasti. Hapa naomba niketi.

Multikasti ni wazo zuri kwenye karatasi. Enkoda inatuma video mara moja tu, kwenye anwani ya kundi, tuseme 239 nukta kadhaa, na kila anayeitaka anajiunga. Swichi isiposimamia hilo kundi inaitawanya video kwenye kila tundu. Printa ya mhasibu inapokea mechi. Mashine ya kusoma vidole mlangoni inapokea mechi. Mtandao mzima unakwama, na lawama anabeba fundi wa video, wakati fundi wa mtandao anakunywa chai.

Sasa unamwendea fundi wa mtandao, anajitutumua, anawasha IGMP snooping ili swichi ipeleke video kwa walioiomba tu. Picha inarudi! Makofi. Unakunja nyaya, unapeana mikono na kila mtu, unashuka ngazi. Ukifika chini simu inaita. Imekufa. Unapanda, unaizima dekoda na kuiwasha, inarudi. Unashuka, inakufa. Wenyewe wanaanza kukutazama vibaya, kana kwamba una mkono wa uchawi na ukiondoka unaondoka nao.

Kumbe hakuna uchawi. Swichi inatakiwa iwe na mwenzake kwenye mtandao wa kuuliza kila baada ya muda, kwa kawaida sekunde 125, "nani bado anaitaka hii video?" Dekoda inajibu "mimi", maisha yanaendelea. Huyo muulizaji akiwa hakuwekwa, hakuna swali, kwa hiyo hakuna jibu, na ikifika kama sekunde 260 swichi inajisemea hakuna mtazamaji, inafunga bomba. Sekunde 260 ndizo zinazotosha fundi kuaga na kufika mlangoni. Aliyepanga hesabu hiyo alikuwa na jambo na mafundi, hamnidanganyi.

Za kuchanikachanika kwa picha sitazimaliza. Kuna bwana mkubwa mmoja alitaka video isile mtandao, akaamuru fremu kamili, yaani picha nzima, itumwe kila baada ya sekunde 10, katikati yake yatumwe mabadiliko tu. Sawa mkubwa. Ikapotea pakiti moja, kifurushi kidogo tu cha data, kwenye kebo iliyobanwa na mlango, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa anahutubia. Mdomo ukahamia shavuni, paji la uso likawa la kijani, na hali ikabaki hivyohivyo mpaka fremu kamili nyingine ilipofika. Alisema kamera ni mbovu. Nilijibu ndiyo mkubwa, nikabadilisha kebo.

Na wale wa kuchomeka kicheza filamu kwenye enkoda wakapata giza, mjue huo waya wa HDMI una ulinzi wa kuzuia kunakili unaoitwa HDCP, na enkoda inayoheshimu sheria haigusi filamu iliyolindwa. Msinipigie usiku.

Lakini la juzi ndilo limenivunja mbavu na moyo kwa pamoja. Umeme ulikatika, enkoda ikawaka upya, na hakuna aliyeielekeza kwenye seva ya kuulizia saa. Ikaanza kurekodi kuanzia tarehe 1 Januari 1970, ambapo vifaa vingi huanzia kuhesabu vikipoteza saa. Bosi kaja mbio, anataka video ya Jumanne iliyopita, kuna mtu kaondoka na kiti. Nikafungua orodha ya rekodi mbele yake. Ya mwisho kabisa ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Januari 1970. Nikamwambia bosi, hiyo Jumanne yako bado haijafika.