Mchezo Unaoanza kwa Kuanguka

Mtoto akimwambia mzazi wake anataka kujiunga na darasa la judo, swali la kwanza mara nyingi huwa: unataka kwenda kumpiga nani? Si swali la ajabu. Michezo ya kujihami tumezoea kuipima kwa kipimo kimoja, yaani ukikutana na kibaka utafanyaje. Kwa kipimo hicho mabishano hayaishi: huyu anasema mkanda mweusi ni kinga, yule anamjibu kwamba mkanda haujawahi kuzuia panga. Huyu wa panga ana hoja. Mwalimu mkweli naye atakwambia hivyo hivyo, mtu akikutolea kisu mpe simu yako aende zake.

Ila kuna faida ya judo isiyohitaji adui, na hiyo ndiyo naona haijapewa haki yake. Judo inafundisha kuanguka.

Nenda ukaangalie darasa la wanaoanza siku ya kwanza. Hutaona mtu akimbwaga mwenzake. Utaona watu wazima wamechuchumaa, wanajitupa chali, kidevu wamekibana kifuani na macho wameyatuliza kwenye fundo la mkanda ili kisogo kisiguse chini, mikono inapiga mkeka kwa pamoja. Halafu ubavu wa kulia, wa kushoto, halafu kubiringika mbele kupitia bega. Wajapani wanaiita ukemi. Inachosha, na haina picha ya kumtumia mtu.

Kano Jigoro, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu wa shule kwa taaluma. Alitaka wanafunzi wabwagane kwa nguvu zao zote leo, na kesho warudi wakiwa wazima wabwagane tena. Jambo hilo haliwezekani kama anayepigwa mwereka hajui kuupokea. Kwa hiyo kuanguka si utangulizi wa kupitia haraka ili ufike kwenye mambo yenyewe. Ndiyo sakafu ambayo mengine yote yamesimama juu yake.

Sasa toka ukumbini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka. Katika vifo vya ajali, ni ajali za barabarani tu zinazozidi. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu, na wanaoathirika zaidi ni wazee. Namba hii imenikaa kichwani kwa sababu sisi hatuioni. Bibi ameteleza bafuni, nyonga imevunjika, amelala kitandani miezi mitatu, mapafu yakajaa, akafariki. Msibani tunaambiana kwamba aliugua muda mrefu. Hakuna anayesema aliuawa na sabuni. Na yule mzee ambaye hakufa, baada ya kuanguka mara moja anaogopa kutembea. Kwa kutotembea miguu inalegea, na miguu ikilegea anaanguka tena.

Je, mbinu za ukumbini zinasaidia kwenye nyonga halisi? Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walipima kishindo kinachofika kwenye nyonga mtu anapoangukia ubavu. Walioanguka kwa mtindo wa judo, wakibiringika badala ya kujikinga kwa mkono, walipunguza kishindo hicho kwa karibu asilimia 30. Kilichonifurahisha ni kwamba lile kofi la kupiga mkeka, ambalo walimu wetu hulisimamia kama ibada, halikuwa siri ya mafanikio. Ubiringikaji ndio uliofanya kazi. Tena kishindo kilipungua hata kwa watu ambao hawakuwahi kucheza judo, baada ya mafunzo ya nusu saa tu.

Mwenye shaka atasema, na asikilizwe, kwamba vijana wale walianguka kwa kujua wanaanguka, wakianzia kwenye magoti, juu ya sakafu laini. Ngazi ya nyumbani haikupigii hodi. Nakubali, vipimo vile havithibitishi kwamba bibi wa miaka 75 ataokoka bafuni. Ila huko Uswidi chama cha judo kilishirikiana na watafiti kuanzisha Judo4Balance, mazoezi ya kuanguka kwa watu wazima na wazee, wakianza chini kabisa, wamekaa, wanajifunza kulala na kuinuka. Kuinuka peke yake ni somo. Wazee wangapi tunaowajua wakianguka wakiwa peke yao hubaki sakafuni mpaka mtu arudi nyumbani?

Hoja kwamba judo itamfanya mtoto awe mkorofi sitaichelewesha. Mtoto aliyebwagwa mara hamsini jioni moja anaijua vizuri sakafu ya zege, na hana haraka ya kumwangushia mwenzake huko.

Hoja inayoninyima usingizi inatoka Japani kwenyewe. Kuanzia 1983, katika takriban miaka 30, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa kwenye judo ya shuleni. Zaidi ya mia moja, katika nchi iliyoubuni mchezo. Wengi walikuwa wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza, na wengi walikufa kwa damu kuvia kichwani. Mbinu iliyotajwa mara kwa mara ni osotogari, binamu wa ule mtama tuliokuwa tunapigana utotoni: unamkata mguu, anakwenda chali. Kichwa si lazima kigonge chini. Kikitikiswa kwa nguvu, mishipa inayounganisha ubongo na utando wake inaweza kukatika. Serikali ilipofanya michezo ya mapigano ya jadi kuwa somo la lazima katika shule za sekondari za chini mwezi Aprili 2012, wazazi walikuwa na kila sababu ya kupiga kelele.

Ukiishia hapo, judo imehukumiwa. Ila nenda Ufaransa. Wanajudo walioandikishwa huko ni zaidi ya laki 5, wengi wao watoto, wakati Japani hawafiki laki 2. Hata ukiongeza watoto wa shule za Japani wasioandikishwa, Ufaransa haina msururu wa majeneza unaofanana na ule. Tangu sheria ya 1955, kufundisha judo kwa malipo Ufaransa kunadai cheti cha serikali. Japani, kocha wa klabu ya shule angeweza kuwa mwalimu yeyote aliyewahi kucheza, mwenye hamu ya vikombe. Baada ya kelele zile chama cha judo cha Japani kilianzisha leseni za makocha, na vifo vikapungua sana. Mwaka 2022 chama hicho hicho kikafuta mashindano ya kitaifa ya mmoja mmoja ya watoto wa shule ya msingi, kikilalamikia watu wazima waliogeuza ushindi kuwa kila kitu.

Ndiyo maana hatari ile naisoma kama ushahidi wa upande wangu. Watoto wale walibwagwa kabla ya kufundishwa kuanguka, au walibwagwa na aliyewazidi sana huku kocha akiangalia.

Kwetu swali hili si la mbali. Zanzibar judo ina mizizi tangu miaka ya 1990, ilipopandwa na Mjapani aliyehamia kisiwani, na mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki ya Paris. Sifa hizo zitaleta watoto, na watoto wataleta walimu wa kila aina. Mzazi anayekwenda kuulizia ada asihesabu mikanda iliyotundikwa ukutani. Akae pembeni jioni moja, kisha amuulize mwalimu: mtoto anaanguka peke yake wiki ngapi kabla ya mwenzake kuruhusiwa kumgusa? Akijibiwa "leo leo anaanza kupambana", amshike mtoto mkono warudi nyumbani.