Kima Punju Aliyeliwa na Mbuzi

Najua mmeshaiona. Ile video fupi aliyoirusha rafiki yangu wa kijiweni, yenye maandishi "FUNDI WA MAKARATASI APATA MCHUMBA". Eti nabusiwa na mbuzi. Video imefika mpaka Pemba kwa bi mkubwa wangu. Kanipigia asubuhi, salamu hakutoa. Kauliza tu: "Na huyo mbuzi wa nani?"

Haya, nisikilizeni na mimi. Aliyeirekodi alikuwa nyuma ya msafara, alichoona ni mgongo. Mimi nilikuwa ndani.

Ndani ya kichwa cha kima punju, yule kima wa Unguja, nilichokiunda mwenyewe kwa papie mashe, yaani karatasi na gundi: kimo sentimita 90, uso mweusi, midomo ya waridi, nywele nyeupe za katani zimesimama utosini. Kiliagizwa na shule moja (msiniulize ipi, bado nadai) kwa ajili ya matembezi ya watoto ya kuhifadhi mazingira. Aliyetakiwa kukivaa kapata mafua. Mwalimu akanitazama kuanzia mabegani. Kumbe nina mabega ya kima.

Kinachoniuma si mbuzi. Kinachoniuma ni nyinyi mnaoandika chini ya video, "Makaratasi tu hayo, yangedumu vipi?" Yakhe, makaratasi tu? Mwaka 1772 kule Birmingham, Uingereza, Henry Clay alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mbao za papie mashe: karatasi zimebandikwa moja juu ya nyingine, zikalishwa mafuta ya kitani, zikakaushwa kwa moto. Zilikatwa kwa msumeno, zikapigwa skrubu, zikatengenezewa hata kuta za magari ya farasi. Daktari Mfaransa Louis Auzoux naye, karne ya 19, aliunda miili ya watu na farasi mzima wa papie mashe, wanafunzi wakawafungua kiungo kwa kiungo mpaka kwenye mishipa. Farasi wake walishikwashikwa na vizazi vya wanafunzi. Kima wangu kaguswa na mbuzi mmoja tu.

Na kazi yangu niliijenga vizuri, naapa. Mifupa ni fito nyembamba zilizofungwa kwa uzi, vilevile wafanyavyo mafundi wa Mexico kwa matete. Wale ndio wenye alebrije, madude ya mbawa na pembe aliyoyaanzisha Pedro Linares baada ya kuyaota akiwa mgonjwa mwaka 1936. Tangu 2007 makubwa yake huandamana barabarani Jiji la Mexico, mengine yakimzidi mtu kimo mara mbili, na sijasikia hata moja kuliwa.

Juu ya fito nikabandika tabaka nane. Gazeti, kisha karatasi ya mfuko wa saruji, kisha gazeti tena, kwa zamu, ili rangi ya karatasi ikuoneshe wapi umeshapita na wapi bado. Mfuko wa saruji ukung'ute sana. Nyuzi zake ni ndefu, ndizo zinazobeba uzito. Karatasi huchanwa kwa mkono, haikatwi kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa una manyoya na hulala bila kuacha mstari. Vipande vya upana wa sentimita tatu, tabaka moja kwa urefu, linalofuata kwa mkingamo. Tabaka tatu, acha zikauke, ndipo uendelee. Ukibandika nane kwa mkupuo, juu patakauka pawe gamba na katikati pabaki uji.

Gundi ni unga wa ngano. Kikombe kimoja ukoroge kwenye kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, umimine kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, ukoroge mpaka weupe ugeuke kioo. Ikipoa, tia matone machache ya mafuta ya karafuu. Karafuu huzuia ukungu, na kisiwa hiki tukikosa mafuta ya karafuu tumekosa nini tena?

Hapa ndipo anapoingia mpwa wangu.

Nilimwachia sufuria ya gundi ya tabaka za mwisho. Yeye kaona mtandaoni kwamba dawa ya ukungu ni chumvi. "Mjomba, mafuta ya karafuu bei ghali, chumvi ipo jikoni." Akatia kikombe kizima. Anayefundisha vile pengine anaishi kwenye hewa kavu, huko chumvi inamfaa. Ila chumvi ya mezani huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukizidi asilimia 75 hivi, na Unguja wakati wa masika asilimia hizo tunaamka nazo. Kwa hiyo kila nilipokianika kichwa mchana kikapungua uzito, usiku kilikunywa tena.

Mizani ilisema bado. Kwa ukubwa ule nilitegemea kilo nne. Kilikuwa kilo sita na ushei na hakishuki. Shavu pia lilisema bado: ukigusisha shavu lako kwenye papie mashe ukahisi ubaridi, maji bado yanatoka. Mwalimu akasema tarehe imerudishwa nyuma, ni kesho, na mvua je? "Kipake rangi ya mafuta, kisiingie maji." Kikapakwa. Maji ya nje hayakuingia. Ya ndani nayo hayakutoka.

Sasa vuteni viti.

Msafara umeanza vizuri, beni mbele, watoto nyuma, mimi katikati natikisa kichwa. Macho ya kima ni pambo; anayevaa huona kupitia mdomoni, penye kipande cha chandarua cheusi. Shingo ya kichwa inakaa mabegani, juu ya sponji. Jua limetoka. Ndani joto, pumzi yangu, jasho langu, vyote vinapanda kwenye karatasi ambayo tayari imeshiba.

Tulipokaribia wauza matunda nikasikia sauti begani kushoto. Karatasi kavu ikivunjika hulia "kah!" Hii haikulia. Iliguna.

Nikapeleka mkono kuishikilia. Vidole vikaingia. Vimeingia kabisa, jamani, mpaka kifundo, nikajikuta nimeshika ukingo wa shingo unaonyooka mkononi mwangu taratibu huku harufu ya uji uliochacha ikinipanda puani. Nikasema moyoni, bega la kulia bado lipo. Bega la kulia likasikia.

Kichwa kikaanza kushuka. Hakikudondoka, kudondoka kuna heshima yake, mtu anadondosha anaokota. Hiki kilishuka kwa hatua. Chandarua kikatoka machoni kikaja puani. Nikaona kamba ya viatu vyangu. Kikaja kidevuni. Nikaona giza. Shingo ikafunguka, ikateleza kupita mabega, ikatua kwenye viwiko na kuvibana mbavuni, fito zikanikumbatia. Nikasimama pale: nusu kima, nusu mtu, mikono viganja tu vinapunga kwenye usawa wa mapaja.

Watoto wakashangilia. Wamedhani ndiyo mchezo wenyewe. Mpiga ngoma, Mungu anamwona, akaongeza kasi.

Nikapiga kelele, "Nitoeni!" Ndani ya kibuyu kile sauti ikageuka mngurumo. Mtoto mmoja akaita kwa furaha, "Kima kasema!"

Kisha nikahisi navutwa. Mvuto mdogo, wa adabu, usawa wa kifua, pale mdomo wa kima ulipokuwa umehamia. Nikajua mtu kaja kuniokoa. Nikasogea mbele kumrahisishia. Akavuta tena. Nikasema, "Ahsante, ndugu yangu." Nikasikia anatafuna.

Sikieni, mbuzi hana kosa. Unga wa ngano uliopikwa, karatasi laini, na chumvi kikombe kizima: hata mimi ningeonja. Kaanza na mdomo wa chini, ule wa waridi, kwa sababu pale rangi ilikuwa nyembamba. Akahamia kidevu. Nikirudi nyuma anakuja. Nikigeuka, fito zinanizuia kujua nimegeukia wapi. Ndipo alipopata upenyo, akaingiza kichwa chake tundu la mdomo, tukakutana uso kwa kifua, na hapo ndipo rafiki yangu alipoona inafaa kuwasha simu.

Busu halikuwepo. Alilamba kitufe cha shati. Naomba iandikwe hivyo.

Yaliyofuata hayana mengi. Bi mmoja muuza urojo akaja na kisu cha kukatia viazi, akasema, "Kaka, usitikisike," akanichana kuanzia kisogoni. Mwalimu akasema tutazungumza. Mwenye mbuzi akaja jioni kudai fidia, eti mnyama kagoma majani. Nikampa nusu mfuko wa pumba tukaachana.

Mnaouliza kama kazi imepotea: haijapotea. Fito zimebaki, nimezisugua. Utosi na masikio vimetoka salama kwa sababu vilibandikwa kabla ya ile sufuria. Palipopakwa rangi ya mafuta nimepachuna nikatupa, maana rangi hailainiki na itakuharibia rojo la karatasi. Karatasi iliyobaki nimeichana vipande vidogo, nimeiloweka kwenye beseni, nitaitwanga kwenye kinu. Kashmir wanatwanga hivyo karatasi iliyolowekwa, wanachanganya na uji wa mchele, wanakandika kwenye kalibu, na ufundi huo uliingia kwao karne ya 15 pamoja na mafundi kutoka Asia ya Kati. Rojo ni zuri kwa pua, nyusi na mikunjo ya uso, si kwa kuta kubwa. Likikauka hunywea na kupasuka ukilipaka nene.

Ila kwanza lazima chumvi itoke. Unakamua, unamwaga, unatia maji mapya, unaacha yakae, unakamua tena. Namna ya kujua imeisha ni kuonja maji ya beseni.

Anayeonja ni mpwa wangu.