Rojo Lililoiwahi Idi

Kalenda ya ukutani kwetu, ambayo tulipewa bure dukani tuliponunua gunia la mchele, ilionyesha kwa wino mwekundu kwamba Idi el Fitri ingekuwa siku ya Jumatano. Mimi ni mhasibu, na mhasibu akiona jambo limeandikwa kwa wino mwekundu hulitilia maanani. Kwa hiyo Jumanne alasiri, tukiwa katika mfungo wa 29, niliingia jikoni kuandaa mkate wa kumimina kwa ajili ya wageni 14, akiwamo mama mkwe wangu, ambaye alikuwa anakuja Tanga kutoka Dar es Salaam kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

Kazi hiyo kwa kawaida si yangu. Mke wangu ndiye mwenye mkate nyumbani kwetu Ngamiani, na majirani hutuma watoto na sahani asubuhi ya Idi kwa kisingizio cha kuleta mbaazi, ilhali wanafuata mkate. Lakini wiki mbili kabla alikuwa ameteleza bafuni, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Alipendekeza tununue mkate kwa mama mmoja wa mtaani anayepika kwa oda. Nilikataa. Nilimweleza kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiutazama utaratibu wake na kuuona una kasoro moja kubwa, nayo ni kuacha kila kitu hadi dakika ya mwisho.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mchele hulowekwa usiku kucha, kisha husagwa pamoja na tui zito la nazi hadi ukawa rojo laini lisilo na chenga. Hutiwa sukari, iliki na hamira, na huachwa uumuke. Ukishaumuka hupigwa ute wa yai ukachanganywa taratibu, sufuria ikapakwa samli ikapata moto, rojo likamiminwa, makaa machache yakabaki chini na mengi yakapaliwa juu ya mfuniko. Mke wangu husaga na kutia hamira alfajiri ya Idi yenyewe, akiwa na usingizi, huku takbira zinasikika msikitini. Mimi niliona kwamba kila hatua hadi kwenye ute wa yai ingeweza kukamilishwa siku moja kabla, rojo likahifadhiwa kwenye friji, na asubuhi mtu akabaki na kazi ya kumimina tu, tena akiwa ameshaoga.

“Hamira usiitie leo,” mke wangu aliniambia akiwa ameketi kwenye kigoda, mkono umelazwa juu ya mto kama mtoto mchanga. “Subiri tujue kama mwezi umeandama.”

“Kalenda imeshasema,” nilimjibu.

Nilikuna nazi sita kwa mbuzi, nikiwa nimefunga, katika joto la alasiri ya Tanga, na sitaki kulizungumzia sana jambo hilo. Nitasema tu kwamba nazi ya kwanza nilimaliza nikiwa na kucha kumi na nazi ya sita nikiwa na kucha nane na nusu. Nililikamua tui kwa kifumbu, nikasaga kilo tatu za mchele kwa blenda kwa mafungu, hadi blenda ikaanza kunuka mpira ulioungua na mimi nikaanza kunuka vivyo hivyo. Ilipofika zamu ya hamira nilimuuliza mke wangu kipimo, akajibu kijiko kimoja kwa kilo moja. Nilichukua kijiko kikubwa, kile tunachopakulia mchuzi wa watoto, nikapima vitatu, kisha nikaongeza cha nne kwa heshima ya mama mkwe.

Yeye alikuwa amekusudia kijiko cha chai. Kijiko kikubwa kimoja ni sawa na vijiko vitatu vya chai, kwa hiyo mahali palipohitaji vitatu mimi nilikuwa nimetia kumi na viwili. Hesabu hiyo niliifanya siku tatu baadaye, kwenye karatasi, nikiwa nimetulia. Siku ile sikuonja wala kukagua. Nilipiga ute wa mayai nikautia wote, nikamimina rojo kwenye ndoo ya plastiki ya lita 10 ambayo ilikaribia kujaa, na nikaibana mfuniko pande zote hadi ukalia, ili harufu ya samaki aliyekuwa ndani ya friji isiingie. Nilitoa rafu mbili za friji ili ndoo ienee. Kisha, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa mtu wa maandalizi, niliipiga pasi kanzu yangu mpya nyeupe na kuitundika nyuma ya mlango wa jikoni, tayari kwa swala.

Magharibi tulifuturu, watoto wakapakwa hina, na sote tukaketi kando ya redio. Saa tatu usiku ilitangazwa kwamba mwezi haukuonekana, hivyo tutakamilisha siku 30. Watoto walilia. Mke wangu hakulia wala hakusema neno. Aligeuza kichwa polepole na kulitazama friji.

“Lioke usiku huu huu,” alisema hatimaye.

Nilimweleza kwamba mkate wa juzi haupewi mkwe, na kwamba baridi huipunguzia hamira kasi ya kazi. Jambo hilo ni kweli, na nilikuwa nimelisoma. Akasema basi angalau nilegeze mfuniko, kwa sababu hamira ni kitu kinachopumua. Nilimjibu kwamba tusilifungue friji ovyo. Saa nne umeme ulikatika mtaa mzima.

Usiku ule hapakuwa na upepo, na chumba kilikuwa cha moto kiasi kwamba hata mbu waliuma kwa uvivu. Tuliamka kula daku saa kumi kwa mwanga wa tochi, umeme bado haujarudi, na nilipiga marufuku mtu yeyote kufungua friji ili kiasi cha baridi kilichobaki kisitoroke. Friji lenyewe lilikuwa likitoa mnong’ono fulani, kama chupa ya soda inayofunguliwa na mtu mwenye aibu. Mke wangu alisema analisikia. Nilimwambia ni barafu inayeyuka.

Nilikuwa na tonge la mwisho mkononi mlipuko ulipotokea. Mfuniko uliruka, ukagonga dari ya friji, mlango ukafunguka wenyewe kwa heshima zote, na rojo likatoka kama mtu aliyenyimwa haki yake kwa muda mrefu. Sehemu iliruka hadi kwenye saa ya ukutani, sehemu ikapita chini ya meza, na sehemu kubwa ikawa inaendelea kupanda ndani ya ndoo na kumwagika pembeni bila haraka, kana kwamba imepewa siku nzima kuifanya kazi hiyo. Binti yetu mdogo alitoka chumbani mbio akishangilia kwamba mzinga wa Idi umepigwa. Jirani aliuliza kwa sauti kutoka ng’ambo ya ukuta kama ni transfoma. Nikamjibu kwamba ni transfoma.

Tulisafisha hadi adhana. Katika ndoo lilikuwa limebaki kama nusu, na mhasibu hafuti mali ambayo bado inaonekana kwa macho. Nililichunguza: lilikuwa limejaa mapovu, limechangamka, lina sura ya afya. Kulionja sikuweza kwa sababu nilikuwa nimeshanuia kufunga. Nikaongeza sukari kikombe kizima ili kurekebisha ladha yoyote iliyokuwa imepungua, nikaifunika ndoo kwa kitambaa, safari hii bila kubana, na kuiweka kwenye kona ya jikoni penye jua la asubuhi. Sikujua wakati huo kwamba sukari ndiyo chakula cha hamira, na kwamba hamira ikishiba sukari hutoa vitu viwili. Kimoja ni hewa, ambayo tulikuwa tumeshafahamiana nayo. Cha pili ni ulevi.

Kufikia adhuhuri nyumba yetu ilinuka kama kilabu cha mnazi. Sisemi ilikaribia kunuka hivyo. Mchele, nazi, sukari, joto na hamira kumi na mbili zilikuwa zimefanya kazi ile ile anayoifanya mgema, ila bila kupanda mti. Mke wangu alifungua madirisha yote, akachoma ubani, na harufu ya ubani ikachanganyika na ile nyingine, ikawa sasa kilabu cha mnazi ambacho mwenyewe amefiwa.

Saa nane mchana mama mkwe aliingia.

Alikuwa amevaa buibui, nyuma yake mama wadogo wawili na shemeji yangu wa kiume aliyebeba vikapu. Nilimshika mkono kwa unyenyekevu. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Pua yake ilicheza. Aliketi, akaomba dua fupi ya safari, akatazama huku na huku. “Na funga inakwendaje humu ndani?”

“Alhamdulillahi, mama, tunamalizia.”

“Mmefunga wote?”

“Wote, mama, isipokuwa mdogo.”

“Na wewe?”

Nilisema na mimi. Akasema mashaallah, kwa sauti ambayo mtu humwambia mtoto aliyedai kwamba ameona simba uwani. Kisha mke wangu akatokea kutoka chumbani, na mama mkwe akauona mkono uliofungwa plasta. Alikuwa ameelezwa kwa simu habari za kuteleza bafuni, lakini sasa aliutazama mkono, akanitazama mimi, akanusa upepo uliotoka jikoni, na nikaona hesabu inajumlishwa mbele ya macho yangu bila mimi kupewa nafasi ya kuikagua.

“Mwanangu,” alimwambia binti yake kwa upole, huku akiwa bado ananitazama, “bafuni mwenu mnateleza sana?”

Walikwenda chumbani wakafunga mlango. Niliketi sebuleni na shemeji, ambaye alisogeza kiti chake karibu na dirisha. Nilisikia maneno machache tu kutoka ndani, hasa “tangu lini” na “mwezi mtukufu”, kisha sauti ya mke wangu ikieleza kwa kirefu, kisha kimya, kisha kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Mama mkwe alitoka akipangusa macho kwa ncha ya mtandio na kuomba aonyeshwe ndoo.

Alikiinua kitambaa kwa vidole viwili. Rojo lilitoa povu kubwa moja, taratibu, likapasuka.

“Hili halipikwi tena, baba,” alisema. “Hili lipelekwe nje kabla halijatutolea salamu.”

Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, chini ya mpapai, nikalimwaga lote pamoja na kilo tatu za mchele, nazi sita, mayai na heshima yangu. Nilipokuwa ninarudi na ndoo tupu, mzee mmoja wa msikitini alipita uchochoroni, akasimama, akavuta hewa, akaendelea na safari yake bila kunisalimu. Nilitaka kumfuata nimweleze habari za hamira, nikaona kwamba mtu mwenye ndoo inayonuka vile, siku ya mfungo wa 30, akimkimbilia mzee barabarani, hatajisaidia.

Jioni ile hapakuwa na haja ya kukodolea anga, kwa kuwa mwezi mwandamo hauna siku ya 31. Mama mkwe aliloweka mchele mwingine, na alfajiri nilihukumiwa kukuna nazi nyingine nne, huku shemeji akiniuliza kila baada ya muda, “Mgema, tui tayari?” Hamira alitia yeye mwenyewe, kwa kijiko cha chai, akanionyesha kwanza kijiko chenyewe pande zote mbili. Baada ya kama saa moja rojo lilikuwa limepanda kwa adabu, likamiminwa, makaa yakapaliwa, na mkate ukatoka umeiva rangi ya dhahabu juu, na ulipokatwa ndani ulikuwa na vitundu kama mzinga wa nyuki. Nilikula vipande viwili nikiwa nimesimama, kwa kuwa muda wa swala ulikuwa umefika, nikakimbia kuchukua kanzu yangu nyuma ya mlango wa jikoni.

Niliivaa katika kiza cha ukumbini. Nilihisi mgongo na mkono mmoja vimekakamaa, nikafurahi, nikidhani mke wangu alikuwa ameagiza itiwe wanga. Naam, wanga ulikuwamo. Rojo ni jeupe na kanzu ni nyeupe, na katika usafi wote ule wa alfajiri iliyotangulia hakuna aliyekuwa amemulika tochi nyuma ya mlango.

Uwanjani jua lilikuwa limeanza kupanda. Kadiri kanzu ilivyopata joto na mgongo ulivyotoa jasho, ndivyo wanga ule ulivyolainika na kuanza kukumbuka asili yake. Mzee wa uchochoroni alikuwa kulia kwangu. Alinusa, akanitambua, akahamia safu ya nyuma. Kijana wa kushoto alisogea nusu hatua, kisha nusu nyingine, na walio mbele wakawa wanageuka mmoja mmoja kama watu wanaotafuta ndugu waliyepoteana naye.

Imamu alitugeukia, akatuhimiza tunyooshe safu na tuzibe mapengo. Safu zote zikasogeleana. Akatazama tena, akainua mkono na kuonyesha upande wetu.

“Pale kwenye safu ya tatu, ndugu zangu, huyo mwenzetu mbona mmemwacha peke yake?”