Mtihani Wangu Uliliwa

Mama yangu, Mombasa, hadi leo hajakubali kwamba mtu mwenye akili zake timamu anaweza kupanda basi usiku kucha, avuke mpaka wa Busia, alipe karo miaka mitatu, kisha asomee vyungu. "Bibi yako alifinyanga tangu hajavunja ungo," husema, "na hakuna aliyempa cheti." Siku moja nikajitetea kwa jina la Magdalene Odundo, Mkenya mwenzetu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye mitungi yake imewekwa kwenye makumbusho makubwa ya London. Mama akawaza kidogo.

"Na humo hupikwa nini?"

Hakupikwi kitu, mama. Watu huangalia tu.

"Haya," akasema, kwa ile sauti ya kumwachia Mungu.

Basi nikaenda Kampala. Mwaka wa kwanza sina mengi ya kuusimulia, maana ulikuwa vita baina yangu na gurudumu, na gurudumu lilishinda. Udongo usipoukalisha katikati, hauzunguki wewe ukautazama, unakuzungusha wewe. Nilirudi nyumbani kila jioni na tope hadi kwenye nyusi, watoto wa mtaani wakinisalimia "fundi", wakidhani najenga choo cha mtu.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa Kireka, kwenye vile vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa mstari. Waganda hukiita chumba kimoja muzigo, na ukitazama kodi yake ni mzigo kweli. Mwenye nyumba alikuwa mwanajeshi mstaafu. Sote tulimwita Afande, na mkewe, ambaye wakati ule alikuwa mjamzito wa miezi sita, tulimwita Mama Afande. Hao ndio walioniokoa na upweke wa lugha. Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, lakini Afande alikuwa amekipitisha kitambo, kambini, kwa amri. Kiswahili chake hakikuwa na ngeli. Kila kitu kilikuwa "ile", na kila mtu alikuwa "wewe". Mimi hakuwahi kuniita jina langu, nilikuwa "Mombasa".

Mwaka wa pili mwalimu wetu, mtu mpole ambaye hapandishi sauti hata joko, lile tanuri la kuchomea vyungu, likipasua vyungu vya darasa zima, akatupa kazi ya muhula: kila mwanafunzi aujue udongo wake. Unachukua udongo wa sehemu mbalimbali, unakata vipande vya sawasawa, vyetu vilikuwa na urefu wa sentimita 14, na juu ya kila kipande unakwaruza mstari wa sentimita 10 kamili. Udongo ukikauka, maji yanatoka, chembe zinasogeleana, mstari unafupika. Ukiukuta una sentimita 9.3, umesinyaa asilimia 7. Ukiuchoma unasinyaa tena. Asiyeijua hesabu hiyo hufinyanga kikombe cha chai akatoa kikombe cha mwanasesere, na mimi nilishatoa vinne.

Nilichagua aina sita, vipande kumi kila aina. Kaolini nyeupe ya Mutaka, kule magharibi. Udongo wa kijivu wenye mnato kutoka Ntawo, Mukono, niliokwenda kuuchukua mwenyewe nikaurudisha kwa teksi, kondakta akinitoza nauli ya abiria wawili. Udongo mwekundu wa Kajjansi, huo wa matofali na vigae vya paa. Udongo wa kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo chetu. Wa tano ulikuwa huohuo wa Ntawo uliochanganywa na vigae vilivyosagwa, ili usipinde. Na wa sita niliutia weusi wa manganizi, ambayo sisi wanafunzi wenye mifuko iliyotoboka huipata kwa kupasua betri kuukuu za redio.

Vipande sitini. Rafu za karakana zilikuwa zimejaa kazi za watu wa mwaka wa tatu, na watu wa mwaka wa tatu hawasogezi kitu. Nikavipeleka Kireka, nikavipanga barazani juu ya mbao, nikavifunika kwa nailoni vikauke polepole, nikawa navigeuza asubuhi na jioni kama mama anayegeuza mtoto. Ukiviona ungedhani biskuti.

Siku ya tatu nikavihesabu: 57.

Nikajilaumu mwenyewe kwa hesabu mbovu. Siku ya tano vikawa 52. Nikamshuku kuku wa Afande, nikamfuata nusu siku nzima nikitazama anachodonoa. Nikawashuku panya, lakini panya gani anayechagua? Maana aliyekuwa akiiba alikuwa na ladha yake: vyeupe na vya kichuguu vilikuwa vinakwisha, vya Kajjansi vilikuwa kumi kamili, havijaguswa. Mwisho nikamshuku mwanafunzi mwenzangu mmoja ambaye vipande vyake vyote vilikuwa vimepasuka. Nisamehe popote ulipo.

Ndipo nikapata wazo. Kabla ya kulala nikanyunyiza unga wa kaolini sakafuni kuzunguka mbao, mwembamba kama poda ya mtoto. Asubuhi nikakuta nyayo za ndala, safi kabisa, zimekuja moja kwa moja hadi kwenye vichuguu vyangu, zikasimama pale kwa muda, kisha zikarudi. Nikazifuata. Ziliishia mlangoni kwa Afande.

Sasa wewe niambie. Utamgongea mwanajeshi mstaafu, ambaye pia ndiye anayeshika funguo za chumba chako, umwambie kwamba anakuibia udongo?

Nikaamua kumkamata kwa macho kwanza. Usiku uliofuata nikakaa gizani nyuma ya pazia nimejifunga shuka. Mbu walinila hadi wakashiba. Alfajiri, saa kumi na moja hivi, mlango wa Afande ukafunguka taratibu, ndala zikaburura, nailoni ikafunuliwa kwa upole wa mtu aliyezoea, kisha nikasikia sauti ambayo kwa miaka miwili ya ufinyanzi sijawahi kuisikia.

Kruch.

Nikawasha taa. Mama Afande alikuwa amesimama, khanga mabegani, mkono mmoja kiunoni kama wafanyavyo wajawazito, mkono mwingine umeshika kipande nambari 4 cha kichuguu, kina alama ya meno. Midomo meupe kama ya mtu aliyetoka kupaka nyumba chokaa.

"Shhh," akasema. "We Mombasa, utaamsha mzee."

"Mama Afande, unakula mtihani wangu!"

"Mtihani gani? Si ni mumbwa yako?"

Hapo nikaelewa, nikajiona mjinga. Sokoni Kampala huuzwa vijiti vya udongo uliochanganywa na majani ya dawa, huitwa mumbwa, na wajawazito huvisugua kwenye maji wakanywa, wengine wakavitafuna vikavu. Sisi kwetu wajawazito hununua mawe ya odowa, mambo ni yaleyale. Na vipande vyangu, kwa umbo na rangi, mtu akiviona alfajiri hana sababu ya kufikiri vingine.

Na usidhani aliiba. "Mimi si mwizi," akaniambia, akiwa ameudhika. "Nilijua unaona haya kutangaza biashara, kijana mwanamume kuuza vitu vya wanawake. Nimekuandikia. Moja shilingi 500. Mpaka hii ya leo ni kumi na saba. Tutaitoa kwa kodi."

Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza, akaona anifae kwa ushauri wa kibiashara. Nyeupe ni laini, inayeyuka vizuri, ila haina harufu. Alikula tano tu. Ya kijivu inanata kwenye meno, alikula mbili akaiacha. Ile yenye changarawe, watu wangu wajifunze kusaga. Ya Kajjansi hakuijaribu kabisa. "Hiyo ni tofali. Nani anakula tofali?" Ya kichuguu ndiyo yenyewe, inanuka mvua ya kwanza, na hiyo niongeze nyingine. Nikuambie kweli, mwalimu wangu hakuwahi kunichambulia udongo vizuri hivyo.

Nilikuwa najumlisha kichwani. Tano, mbili, moja, nane. Kumi na sita.

"Mama Afande," nikauliza, na sauti ikanikauka. "Ya kumi na saba ilikuwa ipi?"

"Ile nyeusi. Jana usiku. Mbaya hiyo! Inaonja kama chuma."

Ukelele niliopiga uliwaamsha kuku wote wa Kireka. Afande akatoka na tochi na fimbo, amevaa bukta na fulana ya ndani, akiwa tayari kwa vita.

"Nani iko hapo? Simama! Wewe Mombasa, nafanya nini na bibi yangu saa hii?"

"Mzee, shikamoo, amekula betri!"

Afande akatutazama. Akageuka, akaingia ndani. Tukamsikia akiwasha redio, ikalia, akaizima. Akatoka tena. "Betri yangu iko," akasema.

Nikamweleza kwa pumzi moja, na kwa mara ya kwanza nikamwona mwanajeshi akiogopa. Akakimbilia pikapu yake kuukuu iliyokuwa chini ya mwembe, akatia ufunguo, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Akafungua boneti, akamulika kwa tochi, akainua kichwa polepole akamtazama mkewe.

"Na hii pia?"

Tulikwenda kwa boda mbili. Yeye na mkewe mbele, mimi nyuma na mfuko wa ushahidi, ndani yake kila aina kipande kimoja.

Kwenye kituo cha afya nesi wa zamu alitaka kujua kilicholiwa ni nini hasa, na kiasi gani. Nikavipanga vipande vyangu mezani nikaanza: hii inatoka wapi, ina nini, uzito wake, asilimia ngapi ya weusi. Sijawahi kuwasilisha kazi vizuri vile mbele ya mtu yeyote. Ikaonekana kwamba Mama Afande alimega kona ya kile cheusi, akatafuna, akakitema, kilichobaki akakitupa kwa kuku. (Kuku ni mzima. Nilimchunguza wiki nzima.) Nesi akamweka pale hadi adhuhuri amwangalie, akampima damu, ikaonekana imepungua, akamweleza kwamba hamu ya udongo mara nyingi huja na upungufu wa madini ya chuma, na kwamba udongo huohuo unaweza kumletea minyoo na kumzidishia upungufu. Akampa vidonge. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe unaweka sumu barazani kama unaanika dagaa?"

Nilikuwa sina jibu, na sina hadi leo. Tangu siku hiyo vya rangi vinakauka ndani ya sanduku lenye kufuli.

Lakini mabenchi ya kliniki ya wajawazito yana masikio. Nilipotoka nje wanawake watatu walikuwa wakinisubiri. Kumbe baadhi ya vile vipande kumi na saba Mama Afande hakuvila peke yake, alikuwa akiwagawia wenzake kwenye foleni.

"Ndiye wewe mwenye mumbwa ya Kireka?" akauliza mmoja. "Ile ya kichuguu inapatikana wapi?"

Niliondoka kwa mwendo wa haraka.

Nikachoma vilivyobaki, pamoja na kile chenye meno, kwa sababu nilikuwa sina vya kutupa. Tulipandisha joko polepole, tukipita nyuzi 573 kwa adabu, maana hapo chembe za mchanga hubadilika umbo na chungu kilichoharakishwa hupasuka, tukafika 1,000. Siku ya kuwasilisha mwalimu akapita mezani kwangu, akahesabu, akahesabu tena.

"Kundi la kichuguu lina vitatu tu. Vingine?"

"Vililiwa, mwalimu."

"Na joko?"

"Na mwenye nyumba."

Hakupandisha sauti. Alikichukua nambari 4, akakigeuza, akaziona alama za meno, akanitazama, nami nikamwonyesha daftari. Kwa hofu ya kukosa cha kuandika nilikuwa nimezipima kabla ya kuchoma. Upana kutoka jino hadi jino milimita 31 kikiwa kikavu, 30 baada ya moto. Akatoa rula yake akahakikisha. "Asilimia 3 na ushei," akasema. "Inaafikiana na vile vingine viwili." Akaandika alama akaendelea na meza ya pili, ila nilimwona mabega yakimtetemeka.

Jioni nikarudi Kireka na vipande vyangu. Mama Afande alikuwa kwenye mkeka anamenya matoke, chupa ya vidonge pembeni. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kimebaki kimoja cha kichuguu. Kimoja tu. Nikampa kilichochomwa. Akakinusa, akakunja uso. Akakijaribu kwa jino la pembeni. Kang! Akakitia kwenye maji ya ndizi, akasubiri kilainike. Nikamweleza kwamba udongo ukishapita nyuzi 600 na kitu haurudi tena kuwa tope, hata uulaze majini miaka mia.

"Kwa hiyo umekiharibu," akasema.

Mwisho wa mwezi Afande akaniletea risiti ya kodi, imeandikwa kwa herufi kubwa: TOA UDONGO 8,500. WEKA BODA 8,000. Nikawa nimepata faida ya shilingi 500, pesa yangu ya kwanza kabisa ya ufinyanzi. Nikampigia mama simu kumwambia kwamba kazi yangu imenunuliwa.

"Na aliyenunua," akauliza, "amepikia nini?"

"Ameila, mama."

Akanyamaza. "Hapo sawa," akasema.